Sekunde Nne

Kanda ilikuwa ya kaka yangu, Nkwabi.
Aliirekodi redioni usiku mmoja wa masika
akiwa amemfunika jogoo kwa tenga
asije akawika katikati ya gitaa.
Juu ya ganda akaandika kwa kalamu nyekundu:
WANA MTAKUJA JAZZ. USIGUSE.
Kisha akaenda Geita kuchimba.
Barua ya kwanza ilikuja, ya pili haikuja,
na mimi nikaigusa.

Redio ikaitafuna mwaka uleule.
Niliuvuta utepe kama utumbo wa mbuzi,
nikakata palipokunjamana, nikaunga kwa rangi ya kucha,
nikazungusha kwa kalamu hadi kidole kikaota sugu.
Wimbo ukapona, ila ulibaki na shimo:

“Kalunde, usifunge mlango,”
kruk,
“mvua ikinyesha watalala wapi?”

Sekunde nne. Nilizihesabu kwa mguu wa cherehani.
Mama alipouliza pale katikati wanasemaje
sikuweza kusema sijui,
mimi, shabiki namba moja wa Kanyenye nzima,
ninayejua nani alipiga besi na nani alifukuzwa kwa ulevi.
Nikamwambia: wanasema, watoto bado wako njiani.
Mama akanyamaza.
Tangu siku hiyo komeo la mlango wetu
limeota kutu likiwa wazi.

Miaka kumi na tisa.
Halafu gari la matangazo likapita Isevya, spika juu ya paa:
Wana Mtakuja, ana kwa ana, ukumbi wa nyuma ya stesheni.
Nilikuwa nashona sare za kwaya.
Nikashona mkono mahali pa kola.

Nilifika kabla ya mafundi mitambo.
Bendi ilipanda saa nne usiku, watu sita badala ya kumi na mmoja,
ndani ya suti za kijivu ambazo, naapa kwa futi yangu,
zilipimwa kwenye miili mingine.
Mzee Lufungulo wa gitaa la solo alishikwa mkono kwenye ngazi.
Akaketi kwenye stuli, akafuta nyuzi kwa leso.
Nikawaza, basi, tumechelewa, yeye na mimi.
Akagusa.

Sikudanganyi: si kama kwenye kanda.
Kwenye kanda gitaa linatoka chumba cha pili.
Hapa liliingilia nyayoni, likapanda goti,
meno yakanifa ganzi kama niliyeng'ata ukwaju.
Jasho la mpiga tumba lilinirukia begani
na sikulifuta.

Wimbo wangu waliuweka mwisho.
“Kalunde, usifunge mlango,”
nikaacha kupumua, nikashika kiti cha jirani,
na Shija, mwimbaji yuleyule, akafunga mdomo,
akatunyooshea sisi maikrofoni.

Ukumbi mzima ukajibu:
wauza mayai, makuli wa stesheni, mlinzi aliyetelekeza lango,
wakajibu kama darasa la kwanza:
“Kuku bado wako nje!”

Kuku.

Bubu nilikuwa mimi peke yangu.
“Mvua ikinyesha watalala wapi?”
Nilicheka hadi mama mmoja wa kitenge cha njano
akanidaka kiuno, akidhani nimepandisha.
Kulia kulikuja baadaye,
Lufungulo alipoinama juu ya kile kipande cha mwisho
na kukipiga polepole kuliko kwenye kanda, akikitafuta,
akakosea mara moja, akarudia.

Nilirudi kwa miguu, viatu mkononi,
mchanga ukiwa umeshapoa.
Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Mama alikuwa macho.
“Wameupiga ule wa watoto?”
“Wameupiga, mama.”
“Waliingia ndani?”

Nikafungua kilemba, nikakikunja,
nikakikunjua, nikakikunja tena.
“Waliingia,” nikasema. “Wote.”